Kozi Fupi: Ipime Kazi Kabla Hujalipa Ada

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Mbeya na Iringa huingia kwenye hesabu ileile. Kijana hakupata alama za kwenda kidato cha tano, au amezipata lakini familia haina nguvu ya kusubiri miaka mingine mitano. Fedha iliyopo ni ya magunia machache ya mpunga wa Usangu au viazi vya Uporoto, na ikitoka imetoka. Ukipita Soweto hadi Mwanjelwa unakuta matangazo yamebandikwa kwenye nguzo na milango ya maduka: umeme wa majumbani miezi mitatu, udereva wiki tatu, kompyuta mwezi mmoja, kuchomelea vyuma, ususi, mapishi. Mzazi anauliza swali la haki kabisa: je, kozi hii itampa mwanangu kazi ya kweli?

Wapo wanaojibu kwamba kozi fupi ni wizi mtupu, na wapo wanaosema kwamba shule ndefu ni kupoteza muda, kwa sababu kazi hujifunzwa kazini. Wote wawili wanapima urefu wa kozi tu. Kipimo ninachokiamini ni asili ya kosa. Kazi ambayo kosa lake linaonekana upesi na hasara yake humrudia aliyelifanya, mtu anaweza kuianza baada ya wiki chache za mafunzo na mengine akayapata njiani. Kazi ambayo kosa lake hujificha, na siku likijitokeza linamwangukia mtu mwingine, haipaswi kuanzwa peke yako kwa cheti cha miezi mitatu, hata kiwe na muhuri wa nani. Mbinu zinazofuata zimejengwa juu ya kipimo hicho.

1. Uliza kosa litaonekana lini, na nani atalilipa

Chukua ushonaji. Kijana aliyejifunza miezi mitatu akikata shingo ya gauni vibaya, mteja atalivaa mbele ya kioo na kosa litaonekana palepale. Kitambaa kitalipwa, mshonaji ataaibika, na wiki ijayo atapima mara mbili kabla ya kukata. Mkate usioumuka, sabuni isiyoganda, barua iliyochapwa vibaya: yote haya hujisema yenyewe mapema. Kwa kazi za aina hii kozi fupi ni mlango halali, kwa kuwa kazi yenyewe inaendelea kumfundisha mtu kila siku.

Sasa chukua umeme wa majumbani. Mbeya ni mji wa baridi, na nyumba nyingi mpya zinafungwa hita ya maji ya kuogea. Hita ya wati 4,500 huvuta takriban ampea 20 kwenye umeme wetu wa volti 230. Fundi mgeni akiipitishia waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, ambao ni wa taa, maji yatapata moto kama kawaida na mwenye nyumba atamshukuru. Waya utakuwa unachemka ndani ya plasta, siku baada ya siku, hadi ngozi yake ilainike. Vivyo hivyo waya wa ethi usipofika ardhini: taa zitawaka, redio italia, pasi itapiga nguo. Kasoro itajulikana siku umeme utakapovuja na kushika bati la kifaa, na mtu mwenye miguu iliyolowa akaligusa. Aliyefunga waya atakuwa ameshalipwa na kuondoka. Anayelipia kosa ni mtoto wa mwenye nyumba.

Udereva wa magari makubwa uko kwenye kundi hilohilo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Jiji la Mbeya, na kila dereva wa njia hiyo anaujua mteremko wa Kitonga upande wa Iringa na ule wa Iwambi upande wa Mbalizi. Lori lenye mzigo wa tani 30 haliteremshwi kwa kukanyaga breki mfululizo, maana breki zikisuguana muda mrefu hupata joto kali na kupoteza nguvu ya kushika. Dereva anayejua kazi huingia gia nzito kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini imzuie, na breki akaigusa kwa vipindi. Mtu aliyefundishwa kwenye gari dogo, kwenye uwanja tambarare, anaweza kuendesha miezi mingi bila kujua kwamba hajui. Siku atakayogundua, mbele yake kutakuwa na Kosta ya abiria.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kozi, kaa na kijana wako mwandike majibu mawili: kosa la kazi hii huonekana baada ya muda gani, na linamuumiza nani? Majibu yakiwa "leo" na "mimi mwenyewe", endeleeni kutafuta chuo. Yakiwa "baada ya miaka" na "mteja" au "abiria", jueni kwamba kozi fupi ni hatua ya kwanza tu ya safari ndefu, na pangeni fedha na muda kwa safari yote.

2. Igawe kazi vipande

Kazi nyingi zina pande zote mbili. Ususi ni mfano mzuri. Msuko mbaya unaonekana kwenye kioo na unafumuliwa. Lakini dawa ya kulainisha nywele ni kemikali inayounguza. Ikikaa kupita muda wake, au ikipakwa kwenye kichwa chenye vidonda, itamchoma mteja. Mashine ya kunyolea isiyosafishwa sawasawa huhamisha magonjwa kutoka kichwa hadi kichwa bila mtu kuona. Binti anayetoka kwenye kozi ya miezi miwili anaweza kusuka peke yake kesho asubuhi. Dawa aishike akiwa na mwenye saluni pembeni yake, mpaka mwenye saluni aseme imetosha.

Kubebesha miche ya parachichi, kazi iliyoshamiri Rungwe, Njombe na Mufindi, ni hivyohivyo. Mkono wa kubebesha unafundishika kwa siku chache, na kikonyo kisiposhika hunyauka mapema ukakiona. Ila kikonyo kikichukuliwa kutoka mti usio wa aina iliyoahidiwa, mkulima atajua miaka kama mitatu baadaye, mti utakapozaa tunda ambalo mnunuzi wa parachichi aina ya Hass halitaki. Mtu wa kozi fupi anaweza kubebesha. Uchaguzi wa mti wa kuchukulia vikonyo uachwe kwa mwenye kitalu anayejulikana na kukaguliwa.

Fanya zoezi hili kwa kazi yoyote unayoifikiria. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika vipande ambavyo kosa lake linaonekana haraka; upande wa pili, vipande ambavyo kosa lake hujificha. Karatasi hiyo itakuambia kozi inatosha mpaka wapi, na kuanzia wapi unahitaji mtu mzima wa kazi hiyo asimame nawe.

3. Jifunze kutoka mambo mawili tuliyoyaona wenyewe

Nchi yetu imewahi kutumia kozi fupi kwa kazi nyeti, na matokeo yake yanafundisha.

La kwanza ni Duka la Dawa Muhimu. Mwaka 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, TFDA, ilianza mpango huo mkoani Ruvuma. Vijijini hapakuwa na wafamasia, na maduka ya dawa baridi yalikuwa yakiuza hata dawa yasizoruhusiwa, mara nyingi kupitia wauzaji wasio na mafunzo. Mpango mpya uliwapa wauzaji mafunzo ya wiki chache tu. Lakini mafunzo hayo hayakuachwa peke yake. Duka lilitakiwa kufikia viwango kabla ya kupewa kibali. Ilitungwa orodha ya dawa ambazo muuzaji anaruhusiwa kutoa, na nje ya orodha hiyo alitakiwa kumwelekeza mgonjwa kituo cha afya. Wakaguzi walipita. Mpango ulisambaa nchi nzima, na Uganda na Liberia zikaja kuchukua mfano wake. Wiki chache zilitosha kwa sababu kazi iliwekewa uzio na mtu akawekewa mkaguzi.

La pili ni walimu tuliowaita wa Voda Fasta. Katikati ya miaka ya 2000, kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake. Majengo yaliinuka haraka kuliko vyuo vilivyoweza kutoa walimu. Wahitimu wa kidato cha sita wakachukuliwa, wakapewa mafunzo ya muda mfupi na leseni ya kufundisha, wakapelekwa madarasani. Wananchi wakawabandika jina la huduma ya kuongezea salio la simu kwa haraka. Jina lile liliwaonea vijana wengi waliojituma, na wapo waliorudi chuoni baadaye wakawa walimu hodari. Tatizo lilikuwa jinsi walivyotumwa. Mwalimu mpya alifika kwenye shule mpya ambako mara nyingi hapakuwa na mwalimu mzoefu wa somo lake wa kukaa nyuma ya darasa na kumwambia, "Hapa umewapoteza watoto." Na kosa la ualimu ni miongoni mwa makosa yanayojificha sana: huonekana miaka minne baadaye, kwenye matokeo ya mtihani, na anayelipa ni mwanafunzi.

Makundi yote mawili yalipata mafunzo mafupi kwa kazi nzito. Kundi moja lilipewa mipaka na msimamizi, lingine likaachwa peke yake. Unapochagua kozi, tafuta mambo hayo mawili kabla ya kuangalia idadi ya wiki: nitawekewa mipaka gani, na nani atanisimamia?

4. Hesabu saa za mkono

Tangazo huhesabu miezi. Wewe hesabu saa ambazo mkono wako utashika chombo.

Tuseme kozi ya kuchomelea ni ya wiki 12, siku 5 kwa wiki, saa 3 kwa siku. Jumla ni saa 180. Nusu ikienda kwenye nadharia, zimebaki 90 za karakana. Darasa likiwa na wanafunzi 30 na mashine 3, kila mashine inagawanywa kwa watu 10. Kila mmoja amepata saa 9. Hiyo ni siku moja ya kazi ya fundi aliyeko barabarani. Miezi mitatu imepita, na mkono umefanya kazi siku moja.

Udereva nao uhesabu hivyo. Wiki 3, siku 5 kwa wiki, nusu saa kwenye usukani kila siku: saa saba na nusu. Saa hizo zinatosha kumfundisha mtu kuondosha gari, kulisimamisha na kuheshimu alama. Hazitoshi kumpa usiku, mvua, ukungu wa asubuhi wala mteremko.

Kwa hiyo nenda chuoni siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila kutoa taarifa. Omba kuingia karakana. Angalia mashine ni ngapi na ngapi zinafanya kazi. Angalia wanafunzi wangapi wameshika kazi na wangapi wamesimama wanatazama. Uliza vifaa vya mazoezi, kama fimbo za kuchomelea, waya na vitambaa, vinatolewa na chuo au mwanafunzi anajinunulia. Ukijinunulia, jumlisha gharama hiyo kwenye ada. Chuo kinachojiamini kitakupokea. Kikikataa usione karakana, hilo nalo ni jibu.

5. Soma cheti kabla ya kukitafuta

Kuna cheti kinachosema ulihudhuria, na kuna cheti kinachosema ulipimwa ukaweza. Tofauti yake utaiona siku utakapotaka kupanda.

Mfumo wa ufundi stadi nchini unasimama juu ya sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Tuzo zake za taifa zina ngazi tatu, na juu ya hizo kuna ngazi za mafundi sanifu hadi stashahada na shahada. Usajili wa vyuo na usimamizi wa sifa uko chini ya NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Kwa mtu wa Mbeya, hii ina maana ya ngazi halisi anayoweza kuiona kwa macho: unaanza VETA au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kama Nzovwe, na ukiendelea unaweza kufika MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho nacho kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Iringa kuna VETA yake, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ilula.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya na uandike majibu:

Chuo kimesajiliwa na nani, na namba ya usajili ni ipi? Ihakiki NACTVET mwenyewe, usitosheke na fremu iliyotundikwa ukutani.

Mtihani wa mwisho unatungwa na nani, na unasahihishwa na nani? Mwalimu anayefundisha, anayetunga, anayesahihisha na anayepokea ada akiwa mtu mmoja, cheti hicho kina uzito mdogo.

Cheti hiki kitahesabiwa nikitaka kusoma ngazi inayofuata, au nitaanza upya?

Kazi ninayoitaka ina leseni yake? Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Ufungaji wa umeme una leseni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, za madaraja mbalimbali kulingana na elimu na uzoefu, na TANESCO kabla ya kuunganisha nyumba hutaka kazi iliyothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Uuguzi una Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mtu asiyesajiliwa humo si muuguzi, hata awe na sare nyeupe na cheti cha miezi sita. Leseni za udereva nazo zina madaraja: D kwa gari binafsi, E kwa magari makubwa ya mizigo, C kwa abiria, na madaraja ya abiria yanadai uwe umekaa kwanza miaka na daraja la chini. Sheria imeshakiri kwamba barabara nayo ni mwalimu.

6. Tafuta fundi kwanza, chuo baadaye

Hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote, na wengi huigeuza. Wanalipa ada, wanamaliza kozi, ndipo wanaanza kuzunguka na bahasha wakitafuta pa kujishikiza. Anza na mwisho.

Mzazi, mchukue mwanao mwende gereji au karakana mbili tatu, za Soweto au penginepo, zenye kazi nyingi na wateja wanaorudi. Nendeni saa ambayo fundi hana pilika. Msalimu kwa heshima yake, mweleze mnachofikiria, kisha muulize: "Fundi, ukimpokea kijana aliyetoka kozi hii, siku ya kwanza unampa kazi gani?" Akisema atampa kufagia na kushika tochi, basi kozi hiyo haijajenga kitu anachokihitaji. Akisema atampa kufungua matairi na kubadili oili, mmejua thamani yake halisi. Akisema, "Wale wa chuo fulani nawaachia injini wakiwa nami," mmepata chuo bila kusoma tangazo.

Swali la pili: "Akimaliza, utampokea kwa muda gani na kwa masharti gani?" Hapa ongeeni kwa uwazi. Muda uwe na mwanzo na mwisho, kwa mfano mwaka mmoja. Ijulikane kama atapewa nauli na chakula, na kuanzia mwezi gani atapata chochote. Ijulikane akiharibu kitu cha mteja nani atalipa. Ijulikane nani atamfundisha hasa, maana mara nyingi fundi mkuu yuko safarini kutafuta vipuri na kijana anaachiwa vijana wenzake. Andikeni kwenye karatasi, pande zote ziweke sahihi, na mzazi abaki na nakala.

Utaratibu huu una mizizi kwetu. Madereva wengi wa zamani wa njia ya Tunduma walianza wakiwa utingo: walifunga turubai, walibeba mawe ya kuzuia magurudumu, walisikiliza injini ikibadilika mlimani, na usukani walipewa usiku barabara ikiwa tupu na mwenye gari akiwa kando yao. Serikali nayo imekuwa ikifadhili mafunzo ya uanagenzi, ambayo mwanafunzi anagawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Ulizia VETA na ofisi ya vijana ya halmashauri yako kama nafasi zimetangazwa. Ukipata nafasi hiyo, ichukue. Ukiikosa, ujenge mwenyewe kwa mkataba wa karatasi moja.

7. Andika daftari la kazi

Nunua daftari gumu. Kila siku ya kazi andika mistari minne: tarehe, kazi iliyofanyika, sehemu uliyoifanya kwa mkono wako, na jina la aliyekusimamia. Kila mwisho wa wiki mwombe fundi aweke sahihi. Kazi kubwa zipige picha kwa simu, kabla na baada.

Daftari hili litakusaidia kwa namna tatu. Litakuonyesha usichokigusa bado. Ukiona miezi sita imepita hujawahi kufungua gia boksi, umuombe fundi. Litakuwa ushahidi wako mbele ya mwajiri, na mwajiri mwenye akili ataliamini kuliko cheti kisicho na kazi nyuma yake. Na litakusaidia siku ya kutafuta leseni au kupanda daraja, pale utakapotakiwa kueleza uzoefu wako.

Sambamba na daftari, weka mipaka yako. Andika ukurasa wa mwisho kazi ambazo hutazifanya peke yako bado: kuunganisha swichi kuu, kuchomelea fremu ya gari, kurekebisha breki za lori, kuchanganya dawa. Mteja atakubembeleza, tena atakuambia ni kazi ndogo. Mjibu kwa adabu, "Mama, hii nitamleta fundi wangu." Usikubali kamwe kufunga umeme nyumba nzima kisha ukatafutwa muhuri wa mtu ambaye hakuiona. Kijana anayejua mpaka wake huaminiwa haraka kuliko anayejua kila kitu.

8. Ukiwa tayari fundi, kozi fupi ni yako

Mpaka hapa nimezungumza na anayeanza. Kwa mtu aliyekwisha kuiva, kozi fupi inafaa zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Fundi magari wa miaka kumi na tano anayekwama kwa sababu magari ya sasa yana kompyuta, akijifunza wiki mbili kutumia mashine ya kusoma hitilafu, anarudi gereji akiwa na thamani mpya, kwa kuwa ana msingi wa kujua mashine inaposema kweli na inapopotosha. Mpishi mzoefu akisoma usafi wa chakula, seremala akijifunza kutumia mashine za kisasa, mwashi akijifunza kusoma ramani: hawa hawahitaji miaka mitatu.

Na kwa fundi aliyejifunzia mtaani bila cheti chochote, kuna njia ya VETA ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, pengo lako linaonekana na kufundishwa, kisha unapewa cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi wamepitia njia hiyo. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ila usipoandikwa, zabuni na ajira nyingi zitakupita. Nenda kaulizie.

9. Ukiwa unaajiri

Mwenye nyumba, mwenye saluni, mwenye gari: nawe una kazi hapa. Usimkatae kijana kwa sababu kozi yake ilikuwa fupi, wala usimwachie kila kitu kwa sababu ana cheti. Mwombe daftari. Mpe kazi ndogo ambayo kosa lake utaliona leo, umtazame anavyoifanya. Kwa kazi ambayo kosa lake hujificha, mtake aje na aliyemzidi, na umlipe huyo aliyemzidi pia. Wengi tunabana hapo: tunataka bei ya mwanafunzi na usalama wa fundi. Hita, breki na dawa hazina bei ya chini ya namna hiyo.

Ndugu msomaji, kozi fupi ni kitu kizuri kwenye nchi yenye vijana wengi na fedha kidogo. Imewainua watu na itaendelea kuwainua. Inaharibika pale inapouzwa kama mwisho wa kujifunza. Basi kabla hujatoa shilingi moja ya ada, hakikisha una jina la fundi atakayekupokea ukimaliza, na uwe umekaa naye mkakubaliana. Kama bado hujampata, fedha hiyo iweke, uendelee kumtafuta.